Maji kwanza, mafuta baadaye: namna ya kutunza Mark 4 ya zamani

Siku ya kwenda shabaha, mimi hutangulia kuwasha sigiri na kuteleka birika. Vijana wapya wa ghala letu la silaha hapa Kampala huuliza, "Afande Mama, chai saa hizi?" Si chai. Ni maji ya kuoshea mitutu ya Mark 4, zile bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield zinazopiga risasi za 303.

Kosa ninalolikuta kila msimu ni moja. Mlinzi anarudi na bunduki yake ya 303, anapitisha kitambaa chenye mafuta mara tatu, kinatoka safi, anaipanga rafuni. Siku chache za mvua zikipita, ukichungulia ndani unaona kahawia kama machicha ya chai. Mwenyewe anaapa kwamba aliipaka mafuta, na anasema kweli. Mafuta hayaondoi chumvi.

Fataki, yaani kile kidude kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, kwenye risasi nyingi za zamani za jeshi ina klorati ya potasiamu. Ikiungua inaacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayofanana sana na ile ya jikoni, nayo inatanda mtutu mzima. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, na sisi wa kando ya Ziwa Viktoria unyevu hatuutafuti. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, huku chini inaendelea kula chuma. Baba yangu alilijua hili bila kusoma kemia. Alikuwa batalioni ya 4 ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni), wakateremka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 mvua zikiwapiga mchana na usiku. Alinifundisha kuosha mtutu kabla hajanifundisha kulenga.

Basi fanya hivi, siku ileile uliyopiga, usingoje kesho.

Toa magazini, fungua bolti, ile komeo inayoifungia risasi ndani, kisha ingiza kidole kidogo chembani, pale risasi inapokaa, uhakikishe hamna kitu. Jioni macho hudanganya. Sasa simamisha saiti ya nyuma, ile ya kulengea, vuta bolti hadi mwisho, bonyeza kile kidude cha upande wa kulia, zungusha kichwa cha bolti kuelekea juu, itoke. Ikikwama usiigonge. Mara nyingi ni saiti umeisahau imelala, inaziba njia.

Elekeza mdomo wa mtutu chini ndani ya beseni. Mimi nina faneli niliyoifunga kipande cha mpira kinachofika chembani, ili maji yasimwagike kwenye mbao. Mimina maji yanayochemka, lita 2 zinatosha, taratibu. Vuruga beseni uone: maji yanageuka kijivu. Yawe ya moto kweli, maana mtutu ukipata joto hujikausha wenyewe. Mbao nazo ni kinga ya mkono wako, ushike hapo.

Ukimaliza, pitisha vitambaa vikavu kuanzia upande wa chemba. Mimi hukata fulana za kampeni, pamba yake ni laini na baada ya uchaguzi hazikosekani. Kikitoka kikavu kabisa, ndipo upitishe chenye mafuta mepesi, kidogo tu. Usisahau uso wa bolti na tundu la pini, chumvi hurudi hadi pale. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe tena. Kikitoka na wekundu, rudia maji.

Unaweza kusoma kitako cha risasi ujue unashika nini. Tarakimu mbili ni mwaka, 43 ni 1943. Alama ya VII ina maana ndani mna kodaiti, ile baruti ya vijiti kama tambi. Ikiwa na Z ni baruti ya aina nyingine. Ukivuta triga ikalia "ta!" bila kulipuka, usifungue. Shikilia mtutu kwenye shabaha, hesabu hadi 30 polepole. Risasi kongwe huweza kuchelewa, na iliyochelewa ikilipuka bolti ikiwa wazi hupasuka usoni pako.

Kuhusu bolti nina neno zito. Kwenye kampuni moja niliyofanyia kazi zamani, bunduki 5 zilifunguliwa juu ya meza moja, bolti zikachanganyika. Siku ya shabaha ganda likakatika juu kidogo ya kitako, gesi ikamrudia kijana. Alipona, lakini jicho lilimuuma wiki nzima. Nambari ya bolti lazima ilingane na ya mwili wa bunduki. Vichwa vya bolti vya Mark 4 vilitengenezwa kwa saizi, 0 hadi 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia, ili nafasi nyuma ya ganda isizidi. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji, haikisiwi. Tangu siku ile nafungua bunduki moja, naifunga, ndipo nashika nyingine.

Kila wiki naulizwa kuhusu kujaza maganda upya nyumbani. Hapa Uganda kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na bunduki yenyewe lazima iwe na cheti cha polisi. Sitakupa vipimo. Lakini ganda ulilopiga lichunguze: chukua waya mwembamba wenye ncha iliyopinda, ukwaruze ukuta wa ndani karibu na kitako. Ukihisi kijishimo kinachozunguka, hapo ndipo linapotaka kukatika, na chemba yako inahitaji fundi.

Unapojaza magazini, ukingo wa kila risasi uwe mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukiwa nyuma zitanasana, na hapo hata nguvu za wanaume wawili hazisaidii.

Mbao zipake mafuta ya kitani mabichi, matone machache, usugue kwa kiganja hadi kipate joto. Vanishi hapana. Na usiihifadhi ndani ya mfuko wa turubai, unyevu unabaki humo. Iache wazi ndani ya kabati lenye kufuli, bolti ukiiweka kwingine.