Somo: Kugandisha shahawa za ng'ombe kwenye mirija ya ml 0.25

Nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ya naitrojeni ya kimiminika tunamohifadhi, haziui mbegu. Mbegu hufa njiani, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda. Angalia njia hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kizimuo (kimiminika cha kuongeza kwenye shahawa) cha ml 100: bafa ya Trisi (mmumunyo unaozuia uchachu kubadilika) ml 73, kiini cha yai bichi ml 20, gliseroli (kinga dhidi ya barafu) ml 7. Kiviringishe kiini juu ya karatasi ya kuchujia mpaka ute wote unase, kisha toboa ngozi yake ukimimine. Ngozi ibaki kwenye karatasi.

Hesabu: dume ametoa ml 6, kila ml ina mbegu milioni 1,200. Jumla ni milioni 7,200. Kwa milioni 20 kila mrija unapata mirija 360, yaani ml 90, hivyo ongeza kizimuo ml 84. Shahawa na kizimuo viwe na joto moja, nyuzi 35 hivi.

Kupoza: simamisha chupa ya mchanganyiko ndani ya bika (chombo cha maabara) la maji yenye joto hilohilo, kisha weka vyote kwenye friji ya nyuzi 5. Maji yale ndiyo breki. Ishuke kwa saa 2 au zaidi, maana kati ya nyuzi 20 na 5 mafuta ya utando wa mbegu hugangamaa na utando huvuja. Mafuta ya kiini ndiyo yanayoukinga. Ikifika, iache saa 4, ujaze mirija hukohuko kwenye baridi.

Kugandisha: panga mirija kwenye chano, isigusane, sm 4 juu ya naitrojeni ya kimiminika, dakika 10. Ndipo uidumbukize. Ukiidumbukiza mapema, barafu hufanyika ndani ya mbegu. Ukiipoza polepole mno, maji hutoka lakini chumvi inayobaki hukolea na kuua. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha: mvuke ule hufukuza oksijeni chumbani.

Yeyusha mrija mmoja upime. Zinazokwenda mbele zisipofika 40 kwa 100, tupa kundi zima.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Shambani naweza kuyeyushia kwapani?
Marahaba. Hapana, ni polepole mno. Tumia maji ya nyuzi 37 kwenye chupa ya chai, sekunde 40, ukiwa na kipimajoto. Futa mrija ukauke kabla ya kukata. Tone la maji huua mbegu.

Niliinua kikombe cha mirija juu ya shingo ya mtungi wa naitrojeni nikitafuta mrija, nikakirudisha. Kuna shida?
Ipo. Joto likipita nyuzi 130 chini ya sifuri, chembe ndogo za barafu huungana kuwa kubwa. Kurudisha hakurekebishi, na madhara hujumlishana kila unapoinua. Kikombe kibaki chini ya shingo, ukitumia koleo.

Kwa nini tusizikaushe kwa baridi kama chanjo ya surua, tuachane na naitrojeni?
Zikikaushwa haziogelei tena. Mwaka 1998 Wakayama na Yanagimachi walipata panya kwa mbegu zilizokaushwa hivyo, lakini kila mbegu ilidungwa ndani ya yai kwa sindano. Kwa uhimilishaji (kumpandikiza ng'ombe mbegu) wa kawaida, mtungi haukwepeki.