Kupima Mtiririko wa Maji Katika Kompyuta Inayopozwa kwa Maji

Pampu ya D5, aina maarufu ya pampu ya kusukuma maji ya kupoza kompyuta, huandikwa lita 1500 kwa saa, lakini kiasi hicho hupatikana pale tu maji yanapopita bila kizuizi. Yakishapenya kwenye vijia vyembamba vya bloku ya prosesa (kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa na kupokea joto lake), rejeta inayotoa joto hilo hewani na viungio vyenye kona, hubaki sehemu ndogo tu, na hiyo si kasoro.

Ili kujua kiasi halisi, chomoa mpira unaorudisha maji tangini, uelekeze kwenye jagi lenye alama za ujazo lililo usawa wa tangi, kisha washa pampu peke yake huku mwenzako akiongeza maji tangini, maana pampu ikizunguka kavu huharibika upesi. Lita 1 ikijaa kwa sekunde 15, una lita 4 kwa dakika. Kwa mtiririko huo, joto la wati 300 hupandisha maji yanayopita kwa takribani nyuzi 1 tu. Ukizidisha kasi, utaongeza zaidi kelele kuliko ubaridi.

Hapa Mbeya, asubuhi za Julai ambapo hata sakafu hugandisha nyayo, mimi huipunguza pampu kasi bila wasiwasi. Rejeta kuwekwa juu ya usawa wa pampu hakudhuru: mzunguko ukishajaa, maji yanayoshuka husawazisha yanayopanda.