Ukoka na ule utando wa kijani kwenye viriba

Wenye vitalu vya miche hapa Malindi, hasa mnaopanga viriba chini ya mwembe, ule utando wa kijani unaolala juu ya udongo msiutibu kama ukoka.

Ukoka (Cynodon dactylon) ni nyasi kamili: una mizizi, mishipa ya kupitisha maji, na vishina vinavyotambaa juu na chini ya ardhi. Ukifyeka, kilichobaki chini kinachipua tena. Huo chimba, toa vishina vyote, anika juani hadi vikauke.

Utando huo wa kijani, ukiwa ni Marchantia polymorpha, gugu sugu la vitaluni, ni mmea wa namna nyingine kabisa. Hauna mizizi halisi wala mishipa, hautoi maua wala mbegu. Umeshika udongo kwa vinyweleo tu. Inama uutazame: juu yake kuna vikombe vidogo vyenye vijidonge vya kijani, na kila kijidonge chaweza kuwa mmea mpya. Tone la maji likidondokea humo, vijidonge vinarukia kiriba cha jirani. Kwa hiyo kumwagilia kwa kishindo kutoka juu ni kuusambaza mwenyewe.

Ubandue kwa kijiti, uutupe mbali na viriba. Tandaza mchanga wa chembe kubwa juu ya udongo, mwagilia taratibu shinani asubuhi, na punguza kivuli kadiri miche inavyostahimili, ili uso wa udongo ukauke mapema. Dawa inayoua nyasi pekee haiugusi, basi usipoteze pesa.