Kuitambua sarafu au medali ya kumbukumbu yenye maandishi ya kigeni

Usiisafishe. Kuisugua huondoa utando wa rangi uliojengeka kwa miaka mingi, na thamani huondoka nao. Ishike kwa ukingo tu.

Tafuta thamani ya fedha iliyoandikwa: sarafu kwa kawaida huwa nayo, medali aghalabu haina. Pima uzito kwa mizani inayosoma gramu 0.01, na kipenyo kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana. Ipige picha taa ikiwa ubavuni, chini karibu na meza. Herufi zilizolika hujitokeza kwa vivuli vyake.

Nakili kila herufi, ukingoni pia. HELVETIA ni Uswisi, MAGYAR ni Hungaria, CCCP ni Muungano wa Kisovieti. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, uongeze 622: 1293 huwa takriban 1876.

Mwaka ndio unaopotosha wengi. Kwenye medali unaweza kuwa wa tukio linalokumbukwa, si wa kupigwa kwake, yaani kutengenezwa. Riale ya Maria Theresa ya 1780, sarafu ya fedha ya mtawala huyo wa Austria, iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule muda mrefu baada ya kifo chake. Hapo vipimo vina nguvu kuliko tarehe: gramu 28.07, kipenyo karibu milimita 40, na ukingoni IUSTITIA ET CLEMENTIA. Ukingo ukiwa mtupu, ishuku.