Ndala za ukindu za mababu: namna ya kuzitengeneza bila kuzimaliza

Sisi tuliokulia kwenye kusuka tuna mazoea mamoja: ukindu ukikauka, tunautia maji. Kwa mkeka mpya ni sawa. Jozi ya kwanza ya ndala za zamani niliyoletewa hapa Tabora niliichovya kwenye beseni vivyo hivyo. Maji yakageuka rangi ya chai, na nilipoinua mkono, unyayo ulikuwa vipande. Haya nimejifunza baada ya aibu ile.

Kwanza piga picha: juu, chini, ubavuni, rula ikiwa pembeni. Usiinue ndala kwa ukanda wa kidole gumba. Pitisha kadi ngumu chini yake uibebe kama sinia.

Ukiona unga laini chini yake, kuna wadudu. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, weka kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka (na utakatika), hesabu upya. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, ili umande utue juu ya nailoni na si juu ya ukindu.

Vumbi ondoa kwa brashi laini ya rangi za maji, ukifuata ukili (utepe wa ukindu uliosukwa) unavyolala. Tope lililoganda kisigino mimi huliacha. Ni la aliyezivaa.

Sasa kulainisha, na hapa usiwe na haraka. Mwezi wa tisa hewa ya Tabora imekauka, ukili unavunjika kama dagaa. Chukua deli lenye mfuniko. Tandika chini taulo lililolowa kisha likakamuliwa sana, weka wavu juu yake bila kuligusa, halafu ndala juu ya wavu. Chini ya mfuniko tandaza kitambaa kikavu kinywe matone. Kila nusu saa funua, sukuma ncha moja ya ukili taratibu kwa kibanio. Ikilia "ka", funika tena. Ikiinama kimya, iko tayari. Zangu huchukua saa tatu au nne. Usizilaze humo usiku kucha, utaamka na ukungu.

Ikilainika, irudishe umbo lake kwa vidole, iegemeze kwa vifuko vya mchanga mkavu mpaka ikauke.

Kuunga sitii ukindu mpya. Una nguvu kuliko wa zamani, utaukata. Natumia karatasi ya Kijapani ya gome la kozo, mti wa jamii ya mforosadi, yenye nyuzi ndefu. Ipake rangi ya maji kwanza, ikauke, rangi iwe hafifu kidogo kuliko ya ukili wenyewe ili atakayetazama kwa karibu ajue ni kiraka. Wapo wanaotumia chai. Ina asidi, mimi siitaki. Ichane kwa mkono, usiikate kwa mkasi, ncha ziwe na manyoya. Isokote pajani kama kamba ya katani, upate uzi mwembamba.

Gundi ni wanga wa ngano, si unga wa chapati, ambao huwa wa njano na mgumu. Kijiko kimoja kwa vitano vya maji, moto mdogo, koroga nusu saa, ipoe, chuja kwa kitambaa. Paka kidogo sana. Pitisha uzi chini ya ukili uliokatika, ulaze ncha zote mbili, bana mpaka ushike. Wanga hulegea kwa unyevu, kwa hiyo fundi mwingine anaweza kufumua kazi yangu. Supaglu haifumuki.

Mwisho zifunge kwa merikani, kitambaa kilekile kilichopita hapa na misafara kuelekea Ujiji. Kifue mara tatu kwanza kiishe wanga wa kiwandani. Magazeti hapana. Sanduku likae mbali na dirisha.

Mwenye ndala akiuliza kama atazivaa harusini, mwambie hapana kabla hujaanza kazi, si siku ya kumkabidhi.