Programu Ipi Ionekane Kwenye Menyu ya Linux, na Ipi Ifichwe

Menyu ya programu kwenye Linux haina mtu anayeipanga. Kila kifurushi chenye programu ya menyu huja na faili lake dogo lenye tamati `.desktop`, hulitua kwenye folda ya pamoja, na menyu huonyesha chochote inachokikuta humo. Ndiyo maana kompyuta ya maabara ya shule, iliyokusudiwa LibreOffice na Firefox tu, huishia kuonyesha pia UXTerm, Vim, htop na kitazama-picha cha ImageMagick ambacho hakuna mwanafunzi aliyekiomba. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa Ubuntu, Debian, Mint na ndugu zake, na kwa sehemu kubwa hata Fedora, kwa sababu kanuni za mafaili haya ni za pamoja.

Amua kabla ya kugusa faili

Pitia menyu nzima na ujiulize swali moja kwa kila programu: mtu huifikia kwa njia gani? Kuna zinazofunguliwa kwa jina, kama kivinjari, Writer na kikokotoo. Hizo zibaki. Kuna zinazofikiwa kupitia faili lenyewe: kisoma-PDF, kitazama-picha, kifungua-zipu. Hakuna anayefungua kisoma-PDF kikiwa kitupu. Watu hubofya waraka nacho kinakuja. Ikoni yake inaweza kuondoka bila mtu kugundua, mradi programu yenyewe ibaki na iendelee kutambulika na mfumo.

Halafu kuna zile ambazo hazitumiki kabisa. Mkono hukimbilia kuziondoa, na mara nyingi ni sawa, lakini soma kwanza anachokuonyesha `apt`, amri ya kusakinisha na kuondoa vifurushi, kabla ya kujibu ndiyo. Mfano ni LibreOffice Math. Kifurushi kikuu kiitwacho `libreoffice` kinakitegemea `libreoffice-math`. Ukikiondoa hiki, kile kikuu kinakwenda nacho, na vilivyobaki vya LibreOffice vinaweza kuhesabiwa kuwa vifurushi visivyo na mwenyewe. Siku mtu akiandika `apt autoremove`, Writer na Calc vitafagiwa. Kwa programu ya namna hii, kuficha ni salama kuliko kuondoa.

Menyu inasoma wapi

Mafaili yanatafutwa kwa mpangilio, na folda ya kwanza ndiyo yenye nguvu:

- `~/.local/share/applications` ni yako peke yako
- `/usr/local/share/applications` ni ya watumiaji wote, nayo ni ya msimamizi
- `/usr/share/applications` ni ya vifurushi vya mfumo

Flatpak na snap ni njia nyingine za kusakinisha programu. Flatpak huongeza `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`, na snap huongeza `/var/lib/snapd/desktop/applications`. Mpangilio halisi wa kompyuta yako, ukiacha folda ya nyumbani ambayo daima ni ya kwanza, utauona kwa `echo $XDG_DATA_DIRS`.

Mafaili mawili yenye jina moja hayachanganywi mstari kwa mstari. Lililokutwa kwanza linachukua nafasi yote, la pili halisomwi kabisa. Kwa hiyo ukiunda faili nyumbani lenye mstari mmoja tu wa kuficha, umepoteza pia amri ya kuifungua programu na orodha ya aina za mafaili inayozifungua. Programu itatoweka kwenye menyu, kweli, lakini na kubofya waraka wake nako kutakufa. Unahitaji nakala kamili.

Usihariri ndani ya `/usr/share/applications` hata kama una nywila ya msimamizi. Kifurushi kikisasishwa, faili linaandikwa upya bila kukuuliza, na ikoni uliyoificha inarudi.

Kuficha programu moja

Tafuta kwanza jina la faili, maana jina unaloliona kwenye menyu halifanani nalo kila mara:

```
grep -H '^Name=' /usr/share/applications/*.desktop
```

Tuseme ni LibreOffice Math. Nakili, futa mstari wa zamani wa kuficha kama upo, kisha weka mpya:

```
mkdir -p ~/.local/share/applications
cd ~/.local/share/applications
cp /usr/share/applications/libreoffice-math.desktop .
sed -i '/^NoDisplay=/d' libreoffice-math.desktop
sed -i '/^\[Desktop Entry\]/a NoDisplay=true' libreoffice-math.desktop
desktop-file-validate libreoffice-math.desktop
update-desktop-database .
```

Amri mbili za mwisho zimo kwenye kifurushi `desktop-file-utils`. Ya kwanza hukagua faili na hukaa kimya likiwa safi. Ya pili hutengeneza upya orodha ya aina za mafaili na programu zinazoyafungua. Menyu nyingi hubadilika papo hapo. Ikigoma, toka kwenye akaunti na uingie tena. Kwenye KDE, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux kama zilivyo Xfce na Cinnamon, unaweza kuilazimisha kwa `kbuildsycoca6`, au `kbuildsycoca5` kama bado uko Plasma 5, toleo lake la zamani.

Kwa nini tumetumia `sed` badala ya kuongeza mstari mwishoni kwa `echo` na `>>`? Kwa sababu faili hugawanyika katika sehemu, na mwishoni mara nyingi pana sehemu kama `[Desktop Action new-window]`, ile inayotoa chaguo unapobofya ikoni kwa kitufe cha kulia. Mstari ukiongezwa chini kabisa unaangukia humo, na humo hauna maana yoyote. Utaufungua faili, utauona mstari upo, na ikoni bado inakukodolea macho. Lazima ukae chini ya `[Desktop Entry]`, kabla ya mabano mengine yoyote.

Kuna mstari mwingine unaofanana, `Hidden=true`, na watu huuchanganya na huu. `NoDisplay=true` maana yake programu ipo, ila isionyeshwe kwenye menyu; waraka ukibofywa bado inafunguka. `Hidden=true` maana yake ichukuliwe kama faili halipo kabisa, hata kwa kufungua nyaraka. Kwa kisoma-PDF tumia wa kwanza. Kwa UXTerm au Vim, wa pili unafaa, na hapo huhitaji nakala kamili. Inatosha hivi, ndani ya faili lenye jina lilelile la asili:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=UXTerm
Hidden=true
```

Faida ya kafaili haka kafupi ni kwamba hakazeeki. Nakala kamili huzeeka: kifurushi kikibadilisha amri yake ya kufungulia au kikiongeza aina mpya za mafaili, nakala yako ya nyumbani inabaki na mambo ya zamani. Baada ya kuhamia toleo jipya la mfumo, linganisha nakala zako na za asili kwa `diff`.

Wasiopenda terminali wana njia ya dirisha. Kwenye KDE, bofya kitufe cha menyu kwa kulia uchague kuhariri programu; kwenye Xfce sakinisha MenuLibre; Cinnamon ina kihariri chake ndani ya mipangilio ya menyu. Vinatosha kwa kompyuta moja, ila unapokuwa na mashine ishirini, faili unaloweza kulinakili litakuokolea muda.

Ionekane hapa, isionekane pale

Ukisakinisha mazingira mawili ya eneo-kazi kwenye mashine moja, tuseme Xfce na KDE, utakuta vidhibiti-faili viwili na terminali mbili kila upande. Kuficha kabisa si dawa, maana kila kimoja kinahitajika kwake. Weka kwenye nakala ya `thunar.desktop` mstari `NotShowIn=KDE;` na Thunar itabaki Xfce tu. Kinyume chake ni `OnlyShowIn=XFCE;`. Usiweke mazingira yaleyale katika mistari yote miwili.

Herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa: `XFCE` si `Xfce`. Cinnamon huandikwa `X-Cinnamon`, LXQt huandikwa hivyohivyo. Usikisie; andika `echo $XDG_CURRENT_DESKTOP` ukiwa ndani ya mazingira husika. Ubuntu hujibu `ubuntu:GNOME`, majina mawili yenye nukta mbili katikati, na lolote kati yake linakubalika.

Maabara nzima

Kwa kompyuta inayotumiwa na akaunti nyingi, weka mafaili yako kwenye `/usr/local/share/applications`. Vifurushi vya mfumo haviigusi folda hiyo, na inasomwa kabla ya `/usr/share`. Ila kuna mtego. Flatpak kwa kawaida hujiweka mbele ya `/usr/local/share` katika mpangilio, kwa hiyo programu ya Flatpak haifichiki kwa njia hii. Faili lake lifiche kwenye folda ya nyumbani ya kila mtumiaji. Kwa akaunti zitakazofunguliwa baadaye, liweke ndani ya `/etc/skel/.local/share/applications`, akaunti zilizopo tayari hazitaguswa, hizo uzinakilie mwenyewe.

Mashine zikiwa hazilingani, moja ina GIMP na nyingine haina, usitengeneze orodha mbili. Tumia mstari `TryExec=gimp`. Menyu hutazama kama programu hiyo ipo na inaweza kuendeshwa. Ikikosekana, ikoni haionyeshwi. Folda moja ikasambazwa kote, na kila mashine ikajipunguzia yenyewe. Kama amri yako ya kufungulia ni skripti, `TryExec` ielekeze kwenye programu halisi, kwa kuwa skripti itakutwa daima hata pale programu haipo.

Na tuelewane hapa: kuficha si kufunga. Mwanafunzi anayejua kubonyeza Alt+F2 na kuandika jina la programu ataifungua tu. Kama nia ni kuzuia, ondoa kifurushi au badilisha ruhusa za programu yenyewe.

Ikoni mbili za kitu kimoja

Firefox mbili kwenye menyu ni malalamiko ya kila siku. Chanzo ni majina ya mafaili. Ya deb, yaani kifurushi cha kawaida cha `apt`, huitwa `firefox.desktop`, ya snap `firefox_firefox.desktop`, ya Flatpak `org.mozilla.firefox.desktop`. Majina yakitofautiana, hakuna linalofunika jingine, zote zinajitokeza. Hapa kuficha ni kuahirisha tatizo: kila moja ina alamisho na nywila zake zilizohifadhiwa, na mtu akibofya kiungo huenda ikafunguka ile asiyoizoea. Chagua moja, hamisha alamisho, ondoa nyingine.

Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, nayo huacha mabaki. Programu ya Windows ikiondolewa vibaya, ikoni yake hubaki chini ya `~/.local/share/applications/wine`, na kundi tupu la Wine hubaki kwa sababu ya mafaili yanayoanza na `wine-` ndani ya `~/.config/menus/applications-merged`. Futa pande zote mbili. Pia Wine hujitwalia aina za mafaili: ukiona nyaraka za maandishi zinafunguliwa na Notepad ya Windows, tafuta `wine-extension-txt.desktop`.

Kuongeza, na kuhamisha kundi

Programu iliyopakuliwa kama AppImage (faili moja lenye programu nzima), au skripti ya ofisi, haina faili la menyu, liandike ndani ya `~/.local/share/applications`, lenye tamati `.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Stoo
Name[sw]=Stoo ya Vitabu
Exec=/opt/stoo/stoo.AppImage
Icon=/opt/stoo/stoo.png
Categories=Office;
```

Njia kwenye `Exec` iwe kamili. Alama ya `~` na `$HOME` hazifanyi kazi humo, kwani mstari huo hausomwi na terminali. Njia yenye nafasi ndani yake izungushie alama za nukuu mbili. AppImage yenyewe ipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`.

Mstari wa `Name[sw]` ndio unaotumika pale mfumo unapokuwa kwa Kiswahili. Huo pia ndio jibu la swali linalorudi sana: nimebadilisha `Name=`, mbona menyu inaonyesha jina la zamani? Tazama chini, pengine kuna `Name[sw]` au `Name[en_GB]` inayolingana na lugha yako, nayo ndiyo inayotangulia. Badilisha hiyo.

`Categories` huamua kundi. Makundi makuu ni machache na yameandikwa kwa Kiingereza hata kama menyu yako ni ya Kiswahili: `AudioVideo`, `Development`, `Education`, `Game`, `Graphics`, `Network`, `Office`, `Science`, `Settings`, `System`, `Utility`. Ukiandika `Audio` au `Video`, ongeza na `AudioVideo`. Kundi ulilobuni mwenyewe halitambuliki, na programu hutupwa kwenye kundi la Nyingine.

Kuondoa kundi zima, mfano michezo yote kwenye Xfce, kunafanywa katika `~/.config/menus/xfce-applications.menu`:

```
<Menu>
  <Name>Xfce</Name>
  <MergeFile type="parent">/etc/xdg/menus/xfce-applications.menu</MergeFile>
  <Menu>
    <Name>Games</Name>
    <Deleted/>
  </Menu>
</Menu>
```

Mstari wa `MergeFile` usiusahau. Bila huo menyu yote iliyobaki inatoweka. Kisha kagua Nyingine: kazi yake ni kuokota programu zisizodaiwa na kundi lolote, na michezo inaweza kuibukia humo. Ikiibuka, rudi kwenye kuficha moja moja.

Kurudisha hali ya awali hakuhitaji kukumbuka ulichobadilisha. Orodhesha ulivyoficha kwenye folda ya nyumbani kwa amri hii, futa faili usilolitaka, na lile la asili litachukua nafasi yake:

```
grep -lE '^(NoDisplay|Hidden)=true' ~/.local/share/applications/*.desktop
```