Kabla hujapaka tyubu, mulika baka kwa pembeni

Jamani ukiona baka la magamba kwenye ngozi usikimbilie tyubu ya dawa, washa tochi ya simu, imulike kwa pembeni sio kwa juu, halafu linganisha ukingo na katikati. Choa ni fangasi, wanakula wakisambaa kwenda nje, ndo maana ukingo unainuka kama uzi una magamba na vipele, katikati pamepoa. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kwa kawaida haina hiyo pete, magamba yamejaa baka zima, meupe makavu, ukikwaruza taratibu na kucha yanabanduka kama umekwangua mshumaa, cheki pia viwiko, magoti, kichwani na kucha zenye vishimo vidogo vidogo. Pumu ya ngozi ukingo wake hauna mpaka unaoeleweka, inafifia tu, inawasha sana na inapenda mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Na tusitafute wekundu kama wa kwenye picha za wazungu, kwa ngozi zetu inakuja zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea.

Njia hii ya tochi inafeli kama tayari umepaka krimu ya steroidi, hata zile za kung'arisha nyingi zinayo, maana inazima uvimbe pete inapotea na huku fangasi wanaendelea kula. Pia kuna pumu ya ngozi inayokuja duara kama sarafu, hapo ni kukwangua magamba yakaangaliwe maabara. Baka likiwa limefifia rangi na ukigusa na pamba husikii kitu, nenda hospitali upimwe ukoma, dawa zake ni bure.